Maneno ya Wazee ni Mali ya Nani? Haki ya Mwandishi na Utafiti katika Mji Wetu

Katika kartie Bongonga, hapa kwetu Kampemba, kuna mzee mmoja aliyefanya kazi ya relwe tangu ujana wake. Nilipotuma wanafunzi wangu wa mwaka wa sita kumuuliza habari za zamani za mji, aliwarudisha mikono mitupu. Nikaenda mwenyewe kumuamkia. Akaniambia: «Mwalimu, kulikuya kijana moja wa iniverisite, alikamata sauti yangu mu kaseti siku tatu. Miye njo nilitosha maneno, yeye njo alipata diplome. Mpaka leo hata kartasi moja siyaona. Sasa munarudia tena?»

Sikuwa na jibu. Tena nilisikia haya, kwa sababu na mimi nilifanya vile vile. Katika TFC yangu ya graduat nilishukuru maprofesa, marafiki, hata yule aliyepiga mashini, kila mtu na jina lake. Lakini nkambo wangu, aliyenipa nusu ya kurasa zile, nilimwandika tu «kadiri ya wazee». Nkambo alikufa bila kuona jina lake. Ndiyo maana leo nataka tuulize pamoja: maneno ya wazee ni mali ya nani?

Tuanze na sheria. Inchi yetu iliingia katika mapatano ya Berne juu ya haki ya mwandishi mwaka 1963. Tarehe 5 Aprili 1986 ikatoka sheria yetu wenyewe, ordonnance-loi namba 86-033. Kadiri ya sheria hiyo, kazi ya mwandishi, ya mwimbaji au ya mchoraji inalindwa maisha yake yote, na miaka 50 kiisha kufa kwake. Miaka ile ikipita, kazi inakuwa mali ya watu wote, ile inayoitwa kwa Kifaransa domaine public: kila mtu anaweza kuichapa, kuiimba, kuitafsiri, bila kuomba ruhusa.

Tutoe mfano. Mwenda wa Bayeke Jean-Bosco, mtoto wa Bunkeya, mpiga gitaa tunayemjua sisi wote, alikamatwa sauti na Hugh Tracey kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952. Akafa mwaka 1990. Kwa hiyo nyimbo alizotunga zinangoja mpaka mwaka 2040. Na disiki yenyewe ina haki zake pembeni, za yule aliyepiga na za yule aliyeitengeneza. Kumbe wimbo unaosikilika kila pahali si lazima uwe mali ya kila mtu.

Lakini sheria hii ililetwa na watu wa vitabu. Inalinda maandishi, habari yenyewe hailindi. Tuseme kasala ya Waluba. Kasala ni ya ukoo, ilitoka kwa nkambo mpaka kwa mjukuu, hakuna anayeweza kusema «miye njo nilitunga yote». Bibi Clémentine Faïk-Nzuji alipotoa kitabu chake juu ya kasala hapa Lubumbashi mwaka 1974, maelezo na tafsiri ni kazi yake, na ni haki. Lakini yule anayesimama kwenye matanga na kuimba, sheria inamuona vigumu. Hapo ndipo mzee wa Bongonga alipoumia: kaseti ina mwenyewe, TFC ina mwenyewe, lakini kinywa kilichosema kinabaki bila mwenyewe.

Je, inawezekana kufanya namna ingine? Ndiyo, na mfano uko katika mji wetu. Mwaka 1965, André Yav aliandika kwa mashini historia ya Elisabethville, kwa jina la shirika la maboyi wa zamani, wale waliofanya kazi katika nyumba za wazungu. Aliandika kwa Kiswahili chetu cha hapa, si kile cha shuleni. Kichwa chake ni cha Kifaransa: Vocabulaire de ville de Elisabethville. Hakikuchapwa na nyumba yoyote kubwa. Makartasi ya namna hii mengi yalikuliwa na mchwa ao yalifunga karanga ku soko.

Hii haikupotea. Johannes Fabian, aliyefundisha kwenye iniverisite ya Lubumbashi katika miaka ya 1970, aliitoa kitabu mwaka 1990 pamoja na msaada wa Kalundi Mango. Angaliani namna alivyofanya: jina la André Yav liko katika kichwa cha kitabu. Kiswahili chake hakikusahihishwa ili kifanane na cha Zanzibar. Maelezo ya mtafiti yako pembeni, maneno ya Yav yako pahali pake. Kiisha, mwaka 2001, maandishi yakawekwa kwenye intaneti bila malipo. Leo kijana wa Kampemba mwenye telefone anaweza kusoma historia ya mji wake iliyoandikwa na boyi.

Fabian huyo huyo alinunua na kusikiliza picha za Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyechora historia ya inchi yetu katika picha zaidi ya 100, miaka ya 1973 na 1974. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1996, na humo Tshibumba anaeleza picha zake mwenyewe. Lakini Tshibumba alipotea tangu mwanzo wa miaka ya 1980, na picha ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililokuwa linaitwa Tropenmuseum, tangu 2023 Wereldmuseum. Hapa tujue jambo moja: anayenunua picha ananunua kitambaa na rangi. Haki ya kuichapa ni ingine, inabaki kwa mchoraji na watoto wake, isipokuwa aliiuza kwa maandishi. Wachoraji wetu wangapi wanajua vile?

Kwa hiyo kuna mambo mawili, tusiyachanganye. Kuna haki ya mali, ile ya makuta, ambayo ina mwisho. Na kuna haki ya jina. Hata kazi ikiwa imekuwa ya watu wote, jina la mwenyewe halifutwi. Mwanafunzi ana ruhusa ya kutaja kipande kifupi cha kitabu cha mwingine. Lakini ataje kitabu na mwandishi. Kama ni vile kwa kitabu, kwa nini isiwe vile kwa mzee?

Nilirudi kwa yule mzee. Nikamwambia habari ya nkambo wangu, sikuficha. Akacheka kidogo, akasema: «Basi, tujaribu.» Tukapatana mambo matatu: jina lake litaandikwa kama anapenda, ao litafichwa kama anapenda, maneno yake tutamsomea mbele ya kuyapeleka popote, na kopi moja itabaki kwake. Wanafunzi walipomsomea, alisahihisha pahali pawili. Pahali pa tatu alisema: «Hii mutoshe, ni ya jamaa.» Tukatosha.

Ile kopi ameiweka mu malete yake, pamoja na kitabu cha kazi na picha ya ndoa. Walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa iniverisite, fotokopi moja haiuzishwi bei kali. Nkambo wangu mimi sikumpa. Wenu wangali wako.