Inveta ya gari: Stima ya njiani na hesabu ya betri

STIMA inapokatika usiku Matsangoni, gari lililoegeshwa uani mara nyingi huwa ndilo ghala la umeme lililo karibu zaidi. Kwa kutumia kifaa kidogo kiitwacho inveta, betri ya gari hilo inaweza kuwasha taa, kuchaji tarakilishi ya mkononi na hata kuendesha runinga. Hata hivyo, gari hilo hilo ndilo litakalohitajika iwapo mgonjwa atazidiwa kabla ya alfajiri na kulazimu safari ya kwenda hospitali ya Kilifi au ya Malindi. Betri iliyomalizwa kwa kutazama mechi haitaamsha injini.

Inveta haizalishi umeme. Hubadilisha tu ule uliokwisha kuhifadhiwa kwenye betri, na betri hiyo ndiyo inayotegemewa na stata ya gari. Anayeitumia bila kujua hesabu zake hukopa asichojua kama ataweza kukilipa.

Matsangoni imo kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, kaskazini mwa mji wa Kilifi na kabla ya kufika Gede, huku msitu wa Arabuko-Sokoke ukiwa upande wa bara na hori la Mida likiwa si mbali upande wa bahari. Nyaya za umeme hufuata barabara, na kadiri mtu anavyoingia vijijini ndivyo zinavyopungua. Ni kinaya kwamba katika pwani hii hii, kijijini Uyombo, ndiko serikali ilikokusudia kujenga kinu cha nyuklia, mpango ambao wakazi waliupinga kwa maandamano mwaka 2024.

Aliyeunganishiwa stima naye hana hakika ya usiku mzima. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili aliyeangukia transfoma katika kituo cha Gitaru aliitia nchi gizani kwa saa kadhaa. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipotea tena katika sehemu kubwa ya nchi, na hata abiria katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi wakajikuta gizani.

Kutegemea betri ya gari si jambo geni mashambani. Kabla ya paneli za sola kuenea, familia nyingi nchini zilipeleka betri mjini kuchajiwa, kisha zikairudisha nyumbani kwa baiskeli au matatu ili kuendesha runinga ndogo za picha nyeusi na nyeupe. Nyingi za runinga hizo zilitumia volti 12 moja kwa moja na hazikuhitaji inveta. Baada ya M-Pesa kuanzishwa Machi 2007, simu iliyoishiwa na chaji haikuwa tena suala la kukosa salamu tu, kwani mwenyewe alikuwa amefungiwa nje ya pesa zake. Vibanda vya kuchaji simu vikashamiri, na baadhi vilitegemea betri ya gari iliyowekwa chini ya meza.

Betri hiyo hutoa mkondo mnyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu. Vifaa vya nyumbani nchini Kenya vimeundwa kwa mkondo geu wa volti 240, ambao huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ndani ya inveta ndogo za kisasa, transista hukatakata umeme wa betri kwa kasi kubwa, transfoma huupandisha hadi zaidi ya volti 300, kisha transista nyingine huugeuza mbele na nyuma hadi ukaribiane na ule wa ukutani. Sehemu ya umeme hupotea kama joto katika kazi hiyo. Inveta nzuri hupoteza takribani wati 10 hadi 15 katika kila wati 100.

Hesabu yenyewe si ngumu. Betri ya gari dogo la saluni huwa na ampea-saa baina ya 35 na 60. Tuchukulie 45. Ukizidisha kwa volti 12 unapata wati-saa 540, kiasi kinachoonekana kikubwa mpaka ikumbukwe kwamba nusu yake haifai kuguswa. Betri ya gari imeundwa kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache za kuamsha injini, kisha ijazwe upya mara moja na alteneta. Ikimalizwa hadi chini mara kwa mara, sahani zake za risasi huharibika na maisha yake hufupika. Betri za sola zimeundwa kwa namna nyingine na huvumilia zaidi kutolewa umeme polepole.

Tarakilishi ya mkononi inayotumia wati 60 huvuta kiasi cha wati 70 kutoka kwa betri baada ya kuhesabu kile kinachopotea, yaani karibu ampea sita. Kwa nusu ya ampea-saa 45, kazi inaweza kuendelea kwa saa tatu na ushei, mradi betri ni mpya na imejaa. Runinga bapa ya inchi 32 yenye wati 50, pamoja na king'amuzi chake, huvuta ampea sita hadi saba. Mechi ya saa mbili basi hula ampea-saa 13 hivi. Betri mpya itastahimili. Betri ya miaka minne ambayo uwezo wake umeshuka hadi nusu itabakiwa na ampea-saa tisa tu, na asubuhi stata italia kidogo na kunyamaza.

Zamani kosa la namna hiyo lilirekebishwa na vijana wa mtaa kwa kulisukuma gari. Magari mengi yaliyotumika yanayoingizwa nchini kutoka Japani ni ya gia za kujiendesha, na hayo kwa kawaida hayawaki kwa kusukumwa. Dawa ni kutafuta gari jingine na nyaya za kuunganishia betri, vitu visivyopatikana kwa urahisi saa tisa za usiku.

Kwa sababu hiyo, tahadhari iliyomo ndani ya inveta isiaminiwe kupita kiasi. Inveta nyingi hupiga kelele volti zinaposhuka hadi takribani 10.5 na kujizima zikikaribia 10. Kufikia hapo, mara nyingi betri haina tena nguvu ya kuamsha injini, kwani kengele hiyo huilinda inveta zaidi kuliko safari. Mita ndogo ya volti ni mlinzi bora zaidi. Betri iliyopumzika kwa saa kadhaa na kujaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, ikisoma 12.2, takribani nusu imekwisha. Injini ikiwa inanguruma na alteneta inafanya kazi, mita husoma kati ya 13.8 na 14.4.

Inveta yenyewe pia hula hata kama haikuchomekwa chochote. Kifaa kinachovuta nusu ampea bila kazi, kikisahauliwa kuzimwa kwa saa 10, kitakuwa kimekunywa ampea-saa tano. Ni hasara ya kijinga kuliko zote.

Vifaa vya kutia joto havifai kabisa. Birika la umeme la wati 2,000 lingehitaji takribani ampea 190 kutoka kwa betri ya volti 12, kiasi kinachozidi uwezo wa alteneta ya magari mengi madogo. Pasi ya wati 1,000 nayo huvuta karibu ampea 95. Friji ni mtihani wa aina yake: inaweza kutumia wati 100 ikiwa imetulia, lakini mtambo wake unapoanza huvuta mara kadhaa ya hizo kwa muda mfupi. Hapo ndipo wauzaji huwachanganya wanunuzi. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye kasha huwa mara nyingi ni nguvu ya kitambo kifupi tu, na nguvu ya kudumu hufichwa kwa herufi ndogo. Ya kudumu ndiyo ya kuulizia. Muziki wa mkesha mzima wa matanga, kwa mfano, ni kazi ya jenereta.

Wenye mgonjwa wa pumu nyumbani wana sababu nzito zaidi ya kumiliki inveta. Mashine ya kuvutia dawa kwa mvuke, ikiwa ni ya wati 150, hutumia chini ya ampea-saa nne kwa robo saa, kiasi ambacho betri nzima hukimudu bila wasiwasi. Swali hapo ni la umbo la umeme. Inveta za bei nafuu hutoa mkondo wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini kama la stima ya ukutani. Taa na chaja nyingi hazijali, lakini mota za feni na za mashine za tiba hunguruma, hupata joto na huweza kuharibika. Kwa kifaa cha tiba inafaa kununua inveta ya wimbi laini, ijapokuwa ni ghali, na kusoma kwanza maelekezo ya mtengenezaji wa mashine. Ijaribiwe mchana mgonjwa akiwa mzima.

Inveta ndogo huchomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Fyuzi ya tundu hilo mara nyingi ni ya ampea 10 hadi 15, kwa hivyo mzigo wa kuzidi wati 120 hadi 150 huikata. Wapo wanaobadilisha fyuzi hiyo kwa kubwa zaidi, au kwa kipande cha waya. Huko ni kuualika moto, kwa maana waya uliofichwa nyuma ya dashibodi ni mwembamba na ndio utakaoungua badala ya fyuzi. Inveta kubwa hufungwa moja kwa moja kwenye betri kwa nyaya nene na fupi, na fyuzi yake ikiwa karibu kabisa na ncha ya chanya. Kugeuza chanya na hasi hata kwa sekunde moja kunaweza kuiua inveta papo hapo. Ikumbukwe pia kwamba volti 240 zinazotoka humo huua kama zile za nguzoni. Watoto na mikono yenye maji ikae mbali.

Malori na mabasi makubwa mengi hutumia volti 24 kwa kuunganisha betri mbili, hivyo inveta ya volti 12 haifai kufungwa humo. Baadhi ya madereva hufunga inveta kwenye betri moja tu kati ya hizo mbili. Matokeo yake ni betri moja kudhoofika na nyingine kuchajiwa kupita kiasi, mpaka zote zikaharibika.

Magari ya Japani yana fumbo lake. Baadhi, hasa yale yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, huja na soketi ya kiwandani yenye matundu mawili bapa. Soketi hiyo hutoa volti 100, kwa kuwa ndivyo stima ya Japani ilivyo. Chaja iliyoandikwa 100 hadi 240 itafanya kazi, lakini kifaa kilichoundwa kwa volti 240 pekee hakitafanya ipasavyo.

Pwani huongeza adui wawili. Joto ndani ya gari lililofungwa na kuachwa juani huweza kupita nyuzi 50, na inveta iliyowekwa chini ya kiti, feni yake ikiwa imezibwa, hujizima au huungua. Hewa ya chumvi nayo hutia kutu ncha za betri, na kutu huzuia umeme kupita. Kuzisafisha na kuzipaka grisi ni kazi ya dakika chache.

Kuacha injini ikinguruma huondoa hofu ya betri kuisha, lakini gari likiwa limesimama alteneta haitoi nguvu yake yote, na petroli hutumika. Lililo baya zaidi ni moshi. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, nayo imeua watu waliolala karibu na injini iliyoachwa ikiendelea katika gereji au banda lililofungwa. Gari liwe nje, mbali na madirisha.

Kwa simu pekee, inveta ni mzunguko usio na maana. Kupandisha volti 12 hadi 240 kisha kuzishusha hadi tano kwa chaja ya ukutani ni kupoteza umeme mara mbili, ilhali chaja ya gari hufanya kazi hiyo moja kwa moja kwa bei ndogo. Zipo pia chaja za namna hiyo za tarakilishi.

Anayehitaji stima kila siku, kama vile mpiga picha wa harusi au fundi anayezunguka vijijini, hufungiwa betri ya pili ya aina ya sola pamoja na swichi inayoitenganisha na ile ya gari injini inapozimwa. Inveta hula kutoka kwa hiyo ya pili, na ikiisha kabisa, stata bado ina betri yake.