Sherehe ya Mancuso: dansi ya nyumbani iliyozaa muziki wa hausi

Mwaka 1972 Cameroon ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, na mpuliza saksofoni Manu Dibango akatunga wimbo wa mashindano hayo. Wimbo wa mpira ukakaa upande wa kwanza wa santuri. Upande wa pili akaweka kibao cha dansi alichokiita "Soul Makossa". Wenyeji walitolewa na Congo Brazzaville katika nusu fainali na wimbo wa kombe ukasahaulika, ila upande wa pili ulivuka bahari. Kijana mmoja wa New York, David Mancuso, aliipata nakala yake katika duka la santuri la watu wa Karibi huko Brooklyn, akaenda kuipiga mbele ya wageni wake. Wageni wakaanza kuisaka madukani mpaka ikaadimika. Mtangazaji Frankie Crocker akaidaka na kuirusha katika redio ya WBLS, na mwaka 1973 ikaingia katika nyimbo 40 bora za Marekani.

Mancuso hakuwa mtangazaji wala mwenye klabu. Alikuwa mpangaji wa ghorofa moja katika jengo la kiwanda cha zamani, namba 647 mtaa wa Broadway, na wageni hao walikuwa wakija kucheza pale pale anapoishi. Mahali hapo pakajulikana kama The Loft.

Alizaliwa mwaka 1944 katika mji wa Utica, na miaka yake ya mwanzo aliishi katika kituo cha yatima. Mtawa aliyewalea, Sista Alicia, alikuwa akiwakusanya watoto chumbani, anapamba kwa maputo, anawapa juisi na kuwawekea santuri. Mancuso alipokuwa mtu mzima maputo yalijaa tena darini, safari hii kwa watu wazima.

Sherehe ya kwanza inayohesabiwa ilifanyika Februari 14, 1970. Kodi ya nyumba ilimwelemea, basi akasambaza mialiko na kuomba kila mgeni achangie kidogo mlangoni. Walifika watu wapatao mia moja, na muda si mrefu ikawa desturi ya kila Jumamosi usiku wa manane hadi jua lichomoze. Mchango ulilipia matunda, mkate, juisi na mtu wa kutunza makoti. Kwa Mancuso, ile methali ya mgeni njoo mwenyeji apone ilikuwa ndiyo hesabu ya kodi.

Sherehe hiyo ya kwanza ilikuja hata kabla ya kupita miezi minane tangu ghasia za baa ya Stonewall, pale wapenzi wa jinsia moja walipokabiliana na polisi waliozoea kuwavamia. Wanaume wawili kucheza pamoja hadharani ilikuwa bado ni kujitafutia kesi. The Loft, kwa kuwa ilikuwa nyumba ya mtu, haikuwa na hofu hiyo. Weusi, watu wa Puerto Rico, Wazungu, wenye fedha na wasio na nauli ya kurudia, wanaume na wanawake wa kila mwelekeo, wote walijibanza sakafu moja. Asiye na mchango aliruhusiwa kuingia na kulipa siku nyingine.

Pombe haikuuzwa, na hilo lilikuja kuiokoa. Majirani walipolalamika na jiji likadai leseni ya ukumbi wa dansi, Mancuso alijitetea kwamba hauzi chakula wala kinywaji kwa umma, anakaribisha wageni. Idara ya jiji ya kulinda walaji ilikubaliana naye. Tangu hapo sherehe nyingine za faragha zilipata pa kuegemea kisheria.

Kilichowavuta wajuzi zaidi ni sauti. Mancuso aliweka spika kubwa za Klipschorn pembeni mwa chumba, kisha fundi Alex Rosner akamtengenezea vispika vidogo vya sauti nyembamba vilivyoning'inizwa juu ya vichwa vya wachezaji. Kadiri miaka ilivyokwenda alizidi kupunguza vikorokoro. Mwishowe aliacha hata kuunganisha nyimbo, akawa anaipiga kila santuri kuanzia mwanzo hadi mwisho, halafu kimya kidogo, watu wanapiga makofi, inafuata nyingine. Ngoma za Mnigeria Babatunde Olatunji zilipigwa hapo pamoja na soul, roki na muziki wa Kilatini.

Miongoni mwa wachezaji walikuwamo vijana wawili marafiki, Larry Levan na Frankie Knuckles. Levan alikuja kuwa DJ wa Paradise Garage, ukumbi uliokuwa katika gereji ya mtaa wa King, ambao nao haukuuza pombe. Mgeni mwingine wa Mancuso, Robert Williams, alihamia Chicago, akafungua ukumbi wa Warehouse na mwaka 1977 akamwita Knuckles aje apige santuri. Kutokana na ukumbi huo wa Chicago muziki wa hausi ukapata jina, na kufikia mwaka 1984 vijana wa jiji hilo walikuwa wakirekodi santuri zao wenyewe kwa mashine za ngoma.

Mzazi wa haya yote hakustarehe. Mwaka 1974 Mancuso alilazimika kuhama Broadway, akahamia mtaa wa Prince. Mwaka 1984 alihama tena kwenda mashariki ya jiji, katika eneo lililokuwa limetawaliwa na wauza dawa za kulevya, na wageni wengi hawakumfuata. UKIMWI nao ulikuwa ukiwamaliza wachezaji wa New York. Sherehe ilisinyaa, ikahama nyumba hadi nyumba, lakini haikufa.

Linganisha na majirani zake. Studio 54, iliyojulikana kwa kuchagua mlangoni nani aingie, ilifunguliwa mwaka 1977. Kufikia mwaka 1980 wamiliki wake walikuwa gerezani kwa kukwepa kodi. Paradise Garage ilifungwa mwaka 1987, mkataba wa pango ulipokwisha. Biashara ya dansi hutegemea mauzo ya baa na mkataba wa jengo, na kimoja kikiyumba ukumbi hufungwa. Sherehe ya Mancuso ilihitaji santuri, spika nzuri na watu wanaojuana, vitu vinavyoweza kuhamishwa. Ndiyo maana aliweza kuipeleka Japani, na mwaka 2003 London, ambako marafiki zake walinunua vifaa na kuiendesha kwa kanuni zile zile.

Mancuso alifariki Novemba 2016. Wenzake wa New York waliendelea kuwaalika watu mara chache kwa mwaka, katika ukumbi wa kukodi wenye maputo na meza ya chakula. Wasiokuwa wamezaliwa mwaka 1970 wanacheza kando ya waliokuwapo, na anayetaka kuingia bado hana budi kumjua mtu wa kumwalika.