Michoro ya Watoto, na Maradhi Tuliyoyaficha

Ndugu jamaa, wengi wenu mlifika katika maonyesho ya michoro ya watoto waliopatwa na saratani, yaliyofanyika hapa London katika ukumbi wetu wa harusi na hitima. Mimi nilisimama sana mbele ya karatasi moja. Mtoto wa miaka 7 amejichora hana nywele, mashavu yamemjaa, na kando yake mashua. Mama yake akanieleza kuwa mashavu yale yalitokana na dawa.

Mimi yalinikumbusha shavu jingine. Mwaka 1968, tulipokuwa Tanga, mdogo wangu alivimba taya na meno yakalegea. Wazee wakasema ni jino. Akasomewa, akatiwa dawa za mitishamba, kisha hospitalini aking'olewa meno mawili. Miezi mitatu haikutimia. Sisi watoto tukaonywa tusimtaje mbele ya wageni.

Kumbe wakati huo uvimbe wa taya kwa watoto ulikwisha kujulikana. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya juu na chini, pande zote mbili. Si muda akamwona wa pili huko Jinja, na mwaka 1958 akaandika habari zake. Hakuishia hapo. Alituma karatasi zenye picha za wagonjwa kwa madaktari wa Afrika, akiwauliza kama wamewaona watoto wa namna ile, na majibu akayatia katika ramani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250, wakashuka kusini kupitia Tanganyika, wakaenda maili 10,000 kwa muda wa wiki kumi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani ikaonyesha kuwa maradhi yale yamo katika nchi za joto na mvua, nchi za malaria. Nyanda za juu zenye baridi hayakuonekana.

Mwaka huo huo Burkitt alizungumza katika hospitali ya Middlesex, mji huu huu tunaoishi. Aliyemsikiliza, Anthony Epstein, akaanza kuletewa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kuwa wameona kirusi ndani yake. Na la kunichoma zaidi: mwaka 1967 kilifunguliwa Kampala kituo cha kuwatibu watoto hao, na dawa iliwaponya baadhi yao. Mwaka mmoja kabla ya msiba wetu! Simlaumu marehemu mama. Nani angemwambia, na yeye neno lenyewe hakuruhusiwa kulitamka?

Baadhi ya wazee walinung'unika kuwa kutundika michoro ile ni kuita husuda. Wengine wakasema kuchora viumbe hakufai. Nami nimesoma chuoni, hoja hiyo naijua. Lakini niliwaona akina mama wawili waliokaa mtaa mmoja miaka minne, kila mmoja ana mtoto mgonjwa, wakijuana siku ile mbele ya ukuta ule. Mmoja alikuwa akiwaambia jirani kuwa mwanawe ana upungufu wa damu.

Picha ya mdogo wangu hatuna hata moja. Jamaa mwenye picha za watoto wa Ngamiani za miaka ile, za sikukuu au za chuoni, naomba anionyeshe. Huenda yumo.