Nyumba ya Sinema ya Vuga: Historia Fupi ya Majestic ya Unguja

Katika mji wa Unguja, kwenye barabara ya Vuga, pale ambapo majumba ya mawe yaliyosongamana huanza kuachana na kuipisha miti na bustani, limesimama jengo la sinema liitwalo Majestic, ambalo kiwanja chake kilianza kuwa mahali pa tafrija ya watu wa mji tangu mwaka 1921. Umri wa zaidi ya miaka 100 wastahili kuandikiwa kumbukumbu, hasa kwa kuwa wengi wa wale waliokaa katika viti vyake walipokuwa vijana wameshatangulia mbele ya haki, na waliobaki ni wazee ambao simulizi zao hazitatungoja dahari zote.

Kabla ya mwaka huo sinema haikuwa jambo geni visiwani wala mwambao. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wakionyesha picha zinazokwenda katika mahema na mabanda ya bati, na watu wakienda kwa wingi, ila wakitoka jasho na kusikia mvua ikinyesha juu ya vichwa vyao zaidi kuliko walivyoweza kuitazama picha. Ni mmoja wa wafanyabiashara hao, Hassanali Adamji Jariwalla, aliyeazimia kuupatia mji ukumbi wa haki, akapewa ramani na John Houston Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa pia fundi wa kubuni majengo, ambaye mkono wake bado waonekana pande nyingi za Mji Mkongwe: katika Mahakama Kuu ya Vuga yenye kuba, na katika Beit el Amani, nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka 1925. Sinclair huyo ndiye aliyekuwa Balozi Mkaazi wa Kiingereza kuanzia mwaka 1922 hadi 1924. Jumba la Jariwalla likaitwa Royal, na likafunguliwa katika zama za Sayyid Khalifa bin Haroub, aliyetawala tangu 1911 hadi alipofariki mwaka 1960.

Filamu za siku hizo hazikuwa na sauti, na kwa ajili hiyo hazikumdai mtazamaji lugha yoyote. Mngazija, Mhindi, Mshihiri, Mmanyema na Mswahili wa Ng'ambo waliweza kucheka kwa wakati mmoja kwa sababu moja. Sauti ilipokuja, ikaja na mashairi. Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye kusema na kuimba, Alam Ara, ilitoka mwaka 1931, na mara baada yake Misri nayo ikaanza kuwapeleka waimbaji wake mbele ya kamera, Mohammed Abdel Wahab mwaka 1933 na Umm Kulthum mwaka 1936. Unguja, mji ambao tayari ulikuwa na kundi la taarabu la Ikhwani Safaa tangu 1905, na ambao mwimbaji wake Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri, haukuhitaji kufundishwa kuipenda filamu ya nyimbo. Lahani zilizosikika usiku ukumbini zilitoka nje pamoja na watu, zikaingia majumbani, na baadhi zikavishwa maneno ya Kiswahili na kuimbwa katika taarabu, nazo zaimbwa mpaka leo na watu wasiojua zilikotoka.

Kwenda sinema, kwa watu wa mwambao, kulikuwa na taratibu zake na adabu zake. Jumapili jioni ndiyo iliyokuwa siku yenyewe, na kadhalika sikukuu za Idi, ambapo watoto waliovaa nguo mpya walizipeleka dirishani fedha zao za mkono wa Idi kabla hazijapoa. Mtu hakwenda kwa nguo za kazini. Alioga, akajifukiza, akavaa kanzu iliyopigwa pasi au suruali iliyokunjwa vyema, na mwanamke akatia manukato chini ya buibui. Bei ziligawanya ukumbi: mbele kabisa, karibu na pazia jeupe, wachukuzi na vijana, nyuma yao wenye kazi za afisi, na juu, roshanini, matajiri na jamaa zao. Walakini mgawanyo huo ulikuwa wa kiti tu, kwa kuwa taa zilipozimwa kilio cha mama katika filamu kiliwapata wa juu na wa chini sawasawa. Filamu mpya ilipovuma, tikiti ziliisha dirishani mapema na kuonekana tena mikononi mwa walanguzi pembeni mwa barabara, kwa bei iliyopanda kila dakika, na walikuwako watu wazima wenye heshima zao ambao hawakuona aibu kuinunua tikiti hiyo kuliko kurudi nyumbani na kuwaambia wake zao kwamba wamekosa.

Ndani ya taratibu hizo palikuwa na moja ambayo mimi naiona kuwa ni bora kuliko zote, nayo ni maonyesho ya wanawake peke yao, yaliyoitwa zanana, yaliyofanywa alasiri siku za kazi. Wanawake walioishi katika sitara, ambao mji waliuona aghalabu kupitia matundu ya dirisha, walitoka makundi kwa makundi, mabibi, mabinti, majirani na wayaya, wakaingia ukumbini na kuufanya wao kwa muda wa saa tatu. Humo waliimba pamoja na waimbaji wa filamu, wakalia kwa sauti, wakatazamana nguo na mapambo, wakapashana habari za posa na za talaka, na kumkemea mume mbaya aliyekuwa juu ya pazia kwa maneno ambayo pengine hawakuweza kumwambia aliyekuwa nyumbani. Mji wetu ulikuwa na mabaraza mengi ya wanaume, nje ya kila nyumba na mbele ya kila msikiti. Wanawake baraza lao kubwa katika jumba la hadhara lilikuwa hili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jumba la Royal liliungua. Pahala pake, mwaka 1955, palisimama jumba jipya lenye jina jipya, Majestic, lililobuniwa na Dayalji Pitamber Sachania kwa mtindo wa Art Deco, ambao ulikuwa umeshaenea katika nyumba za sinema duniani kote na ambao ulipendelea mistari iliyonyooka. Watu waliozoea milango iliyochongwa na maboriti ya mikoko walipewa jengo la saruji lililotazama mbele, na wakalipokea kwa fahari, maana lilikuja katika wakati ambao filamu zenyewe zilikuwa zimefikia kilele chao: Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951, na Mother India ya Mehboob Khan, iliyotoka 1957, zilipendwa mwambao wote kwa mapenzi ambayo wazee hawajayasahau. Nakala za filamu zilikuwa chache na ghali, na desturi ya pwani ilikuwa nakala moja kuonyeshwa katika nyumba mbili usiku mmoja: mkanda wa kwanza ukiisha huku, kijana hupanda baiskeli na kuukimbiza kule, ilhali wa pili umeshaanza, na akichelewa njiani hadhira humpokea kwa mbinja.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba za sinema zilitaifishwa, na filamu zikawa zinachujwa kwa siasa ya wakati ule. Majestic haikufa kwa sababu hiyo, kwani watu waliendelea kujaa. Kilichoidhoofisha kilikuja polepole: mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ikapata televisheni ya rangi, miaka 20 hivi kabla ya Bara kupata televisheni yoyote, kisha katika miaka ya 1980 zikaja kanda za video, na mtu aliyeweza kuitazama filamu ile ile akiwa amekaa mkekani kwake hakuona haja ya kukata tikiti. Mapato yalipopungua matengenezo yalikoma, na hatimaye paa la ukumbi likaanguka, viti na sakafu vikaachiwa jua na mvua.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na heshima hiyo imeyafaa sana majumba ya zamani ya Waarabu na Wahindi, ijapokuwa majengo ya saruji ya katikati ya karne iliyopita yaliachwa nyuma, kana kwamba urithi ni lazima uwe na mlango wa kuchongwa. Mimi siafiki. Kuanguka kwa sehemu ya Beit el Ajaib mnamo Disemba 2020 kulituonyesha kwamba hata jengo adhimu kuliko yote halisalimiki kwa sifa peke yake. Ndiyo maana jitihada za jumuiya ya Hifadhi Zanzibar, inayotaka Majestic ifufuliwe iwe nyumba ya filamu na sanaa, zastahili kuungwa mkono kwa vitendo na kwa mali.

Wako wanaoona kwamba kiwanja cha thamani kama hicho kingefaa hoteli au maduka. Lakini umbo la nyumba ya sinema halikubali kazi hiyo bila ya kuvunjwa, kwa sababu sakafu yake imeinamia upande mmoja, ukumbi wake hauna madirisha, na ubora wake wote umo katika ile nafasi moja kubwa isiyokatwa na nguzo. Tena tuna mfano karibu yetu. Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno, imekuwa gereza, imekuwa karakana ya reli ya Bububu, na sasa ina jukwaa ambapo tamasha la filamu la nchi za majahazi hufanyika tangu 1998. Nayo ingali imesimama baada ya kugeuzwa kazi mara zote hizo. Kama ngome ya vita imeweza kuwa ukumbi, basi ukumbi kubaki ukumbi si jambo la kushindikana.

Watakaopanga kazi mpya za jumba hili watakuwa na mengi ya kutia katika hesabu zao, paa, mitambo, mishahara na viti, na sina ilimu ya kuwafundisha hayo. Ningeomba tu kwamba katika ratiba ya juma la kwanza, kabla ya wageni wa heshima hawajagawiwa nafasi zao, iandikwe alasiri moja ya wanawake, kwa bei ambayo muuza maandazi wa Mwembetanga aweza kuilipa, na filamu wachague wao, iwe ya Kihindi, iwe ya Misri, au iwe iliyopigwa papa hapa Unguja na mabinti wa Unguja.