Siku za kupata mimba: jinsi ya kuzitambua ukiwa nyumbani

Wasikilizaji wengi huuliza siku za kupata mimba ni zipi, na wengi wameshaambiwa jibu moja: siku ya 14. Jibu hilo linawafaa baadhi ya wanawake tu. Mwenye mzunguko mrefu au mfupi akilifuata anaweza kukosa siku zake mwezi baada ya mwezi, huku nyumbani maneno yameanza. Makala hii inaeleza njia tatu za kuzitambua siku hizo bila gharama kubwa, na wakati gani wa kwenda kituo cha afya.

Yai na mbegu huishi muda gani?

Kwa kawaida ovari hutoa yai moja katika kila mzunguko. Yai hilo huishi kati ya saa 12 na 24 tu. Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi hadi siku tano ndani ya mwili wa mwanamke, ute wa uzazi ukiwa mzuri. Kwa hiyo mimba inaweza kuingia katika siku sita za mzunguko: siku tano kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe linapotoka. Siku mbili tatu za mwisho ndizo zenye nafasi kubwa zaidi. Wasiotaka mimba huziita siku za hatari. Kwako unayetafuta mtoto, ndizo siku zako.

Njia ya kwanza: kalenda

Siku ya kwanza ya mzunguko ni siku ile damu ya hedhi inapoanza kutoka, si siku inapokatika. Iandike kwenye kalenda ya ukutani, daftari au simu. Hesabu tangu siku hiyo hadi siku moja kabla ya hedhi inayofuata kuanza. Huo ndio urefu wa mzunguko wako. Kwa mwanamke mzima, mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida.

Mara nyingi yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu huhesabu siku 14 kwenda mbele badala ya kurudi nyuma.

Tuchukue mfano. Hedhi ilianza tarehe 3 Machi, nyingine ikaanza tarehe 2 Aprili. Huo ni mzunguko wa siku 30. Ukiendelea hivyo, hedhi inayofuata inatarajiwa tarehe 2 Mei. Rudi nyuma siku 14, unapata tarehe 18 Aprili, yaani siku ya 17 ya mzunguko. Siku za kupata mimba ni takriban tarehe 13 hadi 18 Aprili. Kwa kuwa yai linaweza kuwahi au kuchelewa, ongeza siku mbili kila upande.

Andika angalau miezi mitatu kabla ya kuiamini hesabu yako. Kama mzunguko hubadilika sana kila mwezi, kalenda peke yake haitoshi.

Njia ya pili: ute

Hii ndiyo njia inayosaidia zaidi, kwa sababu inakuonya kabla yai halijatoka, na haihitaji kununua kitu. Kila siku, kabla ya kukojoa, jifute kwa karatasi laini au kwa vidole ulivyonawa kwa sabuni, kwa nje tu, kisha uangalie.

Baada ya hedhi, wengi huwa wakavu siku chache. Kisha ute huanza kuonekana ukiwa mzito, mweupe na wenye kunata. Baadaye huwa mwingi, mwepesi, unateleza, na ukiushika kati ya vidole viwili unavutika bila kukatika upesi, kama ute wa yai bichi la kuku. Ukiuona huo, ujue wakati umefika. Yai likishatoka, ute huwa mzito tena au hukauka.

Ute wa shahawa unaweza kukuchanganya, kwa hiyo usiangalie mara tu baada ya tendo. Ute unaonuka, wenye rangi ya kijani, au unaoambatana na kuwashwa au maumivu si dalili ya uzazi. Huo upeleke zahanati.

Njia ya tatu: joto la mwili

Yai likishatoka, joto la mwili hupanda kidogo, kati ya nyuzi 0.2 na 0.5, na hubaki juu hadi hedhi inapokaribia. Pima kila asubuhi saa ileile, kabla hujainuka kitandani wala kunywa chochote, kwa kipimajoto kinachoonyesha tarakimu mbili baada ya nukta. Joto likipanda na kubaki juu siku tatu mfululizo, yai limeshatoka.

Basi joto halikwambii siku za mwezi huu, linakuthibitishia zilizopita ili ujipange mwezi ujao. Homa ya malaria, pombe au kuamka usiku kumhudumia mtoto huliharibu.

Mkutane lini?

Kukutana kila siku moja baada ya nyingine katika siku hizo kunatosha. Kama mume yuko dago au machimboni, kalenda itawasaidia kupanga arudi lini. Epukeni mate na mafuta kama kilainishi, maana vinaweza kudhoofisha mbegu. Usijisafishe ndani ya uke wala usiweke dawa za kubana. Uliza kituoni pia kuhusu vidonge vya foliki asidi, ambavyo hutakiwa kuanza kabla ya mimba ili kumkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo.

Ikiwa uliacha sindano ya uzazi ya miezi mitatu, usiogope kuchelewa. Sindano haiharibu kizazi, lakini kwa wastani mimba huja takriban miezi kumi tangu sindano ya mwisho.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Nendeni mkishajaribu mwaka mzima bila mafanikio, au miezi sita kama mwanamke amevuka miaka 35. Usisubiri muda huo kama hedhi haiji kabisa, kama una maumivu makali ya nyonga, au kama mmoja wenu aliwahi kuugua kisonono au klamidia. Magonjwa hayo yasipotibiwa huweza kuziba mirija ya uzazi.

Nendeni wawili. Katika karibu nusu ya wenzi wanaochelewa kupata mtoto, tatizo liko kwa mwanamume, peke yake au pamoja na la mwanamke. Mwanamume mwenye nguvu za kutosha kitandani anaweza kuwa na mbegu chache, na jambo hilo hujulikana kwa kupima shahawa tu. Ndoa zimevunjika na wake wamerudishwa kwao bila mume kupimwa hata mara moja.

Mkienda, bebeni lile daftari. Tarehe za miezi kadhaa zitamsaidia daktari kujua aanzie wapi.