Baruti Hazifanani kwa Majina

Wenzangu wa kalamu, historia ya vita tuliyofundishwa darasani imejaa majenerali na miaka. Baruti haitajwi kabisa. Mimi nadai hivi: ukitaka kujua kwa nini askari mmoja alikufa na mwenzake akapona, uliza kwanza risasi yake ilijazwa unga gani.

Hebu tuchukue Tanga, Novemba 1914. Waingereza walishusha pwani jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi. Von Lettow-Vorbeck alikuwa na kama 1,000 tu, wengi askari Waafrika, na akashinda. Sifa akapewa yeye, nyingine wakapewa nyuki. Lakini wale askari, babu zetu, wengi walikuwa wameshika Mauser ya 1871, bunduki ya baruti nyeusi. Kila akifyatua, wingu linapanda juu ya kichwa chake, kama mtu anayepunga mkono: nipo hapa, nipigeni! Aliyeshika .303 upande wa pili hakuwa na moshi wa kumwumbua. Sasa niambie, ushujaa wa nani ulikuwa mzito zaidi siku ile? Vita vilipokwisha, Wajerumani waliokota bunduki za kisasa kwa mamia na risasi kwa mamia ya maelfu. Wakaanza kuzitumia.

Tofauti ilitoka wapi? Baruti nyeusi ni shura, mkaa na salfa. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki chembe ngumu: ndiyo moshi, ndiyo masizi ya mtutuni. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alichukua pamba iliyotiwa asidi ya naitriki, akailainisha kwa etha na alkoholi, kisha ikatandazwa na kukatwa vipande vidogo. Ikaitwa Poudre B, na mwaka 1886 ikaingia katika bunduki ya Lebel. Mwaka 1887 Alfred Nobel akaleta balistaiti, pamba ya namna hiyo pamoja na nitrogliserini. Mwaka 1889, huko Uingereza, Abel na Dewar wakatoa kodaiti: nitrogliserini asilimia 58, pamba 37, vaselini 5.

Ukizitazama juu juu utasema ni ndugu wa tumbo moja. Nobel aliona zaidi ya undugu, akaona wizi, akaenda mahakamani. Kesi ilipanda hadi Baraza la Malodi mwaka 1895, na huko akaangushwa. Na kilichomwangusha ni neno! Katika hati ya uvumbuzi wake aliandika kwamba pamba anayoisema ni ile aina inayoyeyuka. Abel na Dewar walitumia isiyoyeyuka. Basi, kwisha. Sisi tunaojifunza kuandika tuusome mkasa huo mara mbili.

Hata jina moja halitoshi. Kodaiti ya kwanza ilikuwa na moto mkali mno, ikawa inakula mitutu. Baada ya hapo wakaipunguza nitrogliserini hadi asilimia 30, pamba ikapanda 65. Jina likabaki lile lile, kodaiti, ila ndani ni kitu kingine.

Mfano wa tatu uko Marekani, ambako watu hujaza risasi zao wenyewe nyumbani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi lilitumia baruti iitwayo 4895. Vita vilipokwisha, Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua masalio yake akawauzia raia kwa bei nafuu. Akiba ilipokwisha, ikatengenezwa mpya kwa jina H4895, huku ile ya ukoo wa DuPont ikiitwa IMR 4895. Mwaka 2003 kampuni ya Hodgdon ikainunua IMR, zikawa chini ya paa moja. Namba moja, mwenye mali mmoja, na bado kila moja ikawa na vipimo vyake katika kitabu. Kwa nini? Kwa sababu umbo la punje, tundu lililo katikati yake na dawa iliyopakwa juu yake ndivyo vinavyoamua itaungua haraka kiasi gani. Zipo orodha zinazopanga baruti za kampuni mbalimbali kuanzia ya haraka hadi ya polepole. Jirani katika orodha si mbadala. Anayechukua kipimo cha hii akajazia ile, ati kwa kuwa zinafanana, anaweza kupasua bunduki usoni mwake.

Kwa hiyo, mwenzangu, ukikuta kitabu cha historia kinasema majeshi mawili yalikuwa na silaha “sawa”, usipite haraka. Uliza: sawa kwa jina, au sawa ndani ya ganda? Wale wa Tanga wangekujibu, kama moshi ungewaachia nafasi.