Miaka ya Elfi, Kiapo cha Paladini

Katika vitabu vyote vya mchezo wa njozi wa Dungeons & Dragons, ninachokipenda zaidi ni cha msimamizi wa mchezo, cha mwaka 1979, na kurasa zake ninazozirudia ni zile za umri. Gary Gygax, mtunzi wake, aliziandika kama karani wa pensheni: binadamu anahesabiwa mzee kuanzia miaka 61 na ukongwe wake unakomea 120; elfi wa juu ni kijana hadi 175, na ukongwe wake unafika 1,600.

Mezani miaka hiyo ilikuwa pambo tu. Kabla mhusika hajatimiza mwaka wa pili wa safari zake, wachezaji wenyewe wameshaoa au wamehamishwa kikazi. Ila uchawi ulidai malipo. Ule wa kuongeza kasi ulimzeesha mtu mwaka mzima, na aliyemwona mzuka akaingiwa na hofu alipoteza miaka 10. Elfi hashtuki. Binadamu wa miaka 38 anajikuta ana 48, na nguvu zimeanza kupungua.

Sasa tazama nani alibebeshwa kiapo. Paladini, shujaa mtakatifu wa mchezo, aliingia mwaka 1975, katika nyongeza ya Greyhawk, akiwa na deni kubwa kwa riwaya ya Poul Anderson, Three Hearts and Three Lions, ambayo nayo ilichota kwenye hekaya za mashujaa wa Charlemagne. Alitakiwa awe na alama ya haiba ya 17 au zaidi. Kwa dado tatu, hayo ni matokeo 4 kati ya 216. Paladini nilioletewa mezani kwangu ni wengi mno kwa hesabu hiyo, na sikuwahi kuuliza nani alirusha dado na mbele ya nani.

Mwaka 1978 masharti yakakazwa. Awe binadamu. Vifaa vyake vya kichawi visizidi 10. Atoe fungu la kumi. Akivunja utaratibu kwa kujua, akatubu mbele ya kuhani wa ngazi ya 7 au zaidi; akitenda uovu kwa hiari yake, upaladini umekwenda na haurudi. Mwizi wa kundi akichomoa kifuko cha mfanyabiashara sokoni, meza nzima ilimgeukia paladini: umeona au hukuona?

Kwa hiyo mwenye karne 16 hakuruhusiwa kuapa, na mwenye miaka michache ndiye aliyefungwa. Gygax alitaka tu binadamu wapendwe. Ndiyo maana pia mchawi wa kielfi hakuvuka ngazi ya 11. Lakini matokeo yake yalimpa binadamu cha kupoteza, nami naona hapo ndipo hadithi nyingi nzuri zilipotoka.

Toleo la 2000 likafungua upaladini kwa jamii zote na kufuta ukomo wa ngazi. La 2014 likaleta viapo vya kuchagua, kimoja kikiwa cha kisasi, na ndani yake elfi anaishi hadi miaka 750 hivi. Mchezo ni mwepesi zaidi kuuendesha sasa, nakubali. Kwangu, mkosaji bado anapelekwa kwa kuhani wa ngazi ya 7.